Mwenzetu Aliyekatazwa Ndizi

Hapa Uganda mtu akikataa ndizi mezani, watu humwuliza anatoka wapi. Akijibu kwamba yeye ni mtoto wa Masaka, aliyelelewa ndani ya shamba la migomba, wenziwe hucheka, maana wanadhani anafanya mzaha. Hayo ndiyo yaliyompata mwenzetu mmoja wa tawi letu, muuguzi wa chumba cha upasuaji, ambaye mwezi wa Agosti mwaka 2023 aliambiwa na daktari kwamba mwili wake haupatani tena na ndizi, parachichi, papai, wala kitu chochote kilichotengenezwa kwa mpira wa asili. Mambo manne kwa siku moja. Ametupa ruhusa ya kuandika habari zake kwa masharti mawili: tusilitaje jina lake, wala jina la hospitali tunakofanya kazi.

Tunaandika kwa sababu ugonjwa huu aliupata kazini, kupitia mikono yake mwenyewe, kwa kuvaa kile alichopewa na mwajiri. Tunaandika pia kwa sababu sisi wa halmashauri ya tawi hatukumwamini mapema, na afadhali jambo hilo liandikwe na sisi wenyewe kabla halijaandikwa na mtu mwingine.

MIKONO ILIANZA KUWASHA

Mambo yalianza mwaka 2021, wakati wa korona. Siku zile kila mfanyakazi wa hospitali alishinda na glavu mikononi toka asubuhi hadi jioni, na zile tulizokuwa tukipewa zilikuwa za mpira wa asili, zenye unga mweupe ndani ili ziingie upesi mkononi. Mwenzetu akaanza kuwashwa viganja. Mwanzoni yeye mwenyewe alisema ni sabuni. Kisha ikawa kila akivua glavu, unga ule ukiruka hewani, anapiga chafya mfululizo na macho yanatoka machozi. Baada ya miezi kadhaa kifua nacho kikawa kinambana zamu inapokaribia kwisha, na kinaachia siku za mapumziko.

Ugonjwa unaokuja na zamu na kuondoka na mapumziko, kiongozi yeyote wa chama cha wafanyakazi angepaswa kuutilia shaka. Sisi hatukuutilia. Msimamizi wake alisema anakwepa kazi, na maneno hayo yakazunguka wodini mpaka yakatufikia. Tumelifungua upya daftari la kumbukumbu za mikutano ya tawi, na tumekuta kwamba alileta malalamiko yake mwezi wa Novemba 2022. Yaliwekwa chini ya mengineyo. Yameandikwa hivi: "Mwanachama ashauriwe kubadili sabuni." Ni mstari mmoja tu. Katika kikao hicho hicho mchango wa karamu ya Krismasi ulichukua ukurasa mzima na nusu.

Wakati huohuo kulikuwa na jambo jingine ambalo hakulihusisha na glavu hata kidogo. Akila zile ndizi ndogo tamu zinazouzwa nje ya lango letu, ulimi na midomo humwasha, kana kwamba amekula nanasi lisiloiva. Alipotusimulia wakati wa chai tulicheka. Tukamwambia labda ndizi za siku hizi zina dawa nyingi.

Siku moja ya mwezi wa Julai 2023 alihudumia upasuaji mara mbili mfululizo bila kupumzika. Alipotoka aliketi nasi kula: posho, maharagwe, nusu parachichi, na ndizi mbili zile ndogo. Hazikupita dakika 10. Midomo ikavimba, mabaka mekundu yakapanda shingoni, sauti ikawa ya kukwaruza, kisha akasema maneno ambayo wauguzi wengi wamewahi kuyasikia kwa wagonjwa, kwamba anahisi anakufa. Aliposimama aende kunywa maji akaanguka.

Alimwokoa mtaalamu wa nusukaputi aliyekuwa anapita na sahani yake. Huyo hakuuliza maswali mengi. Alimlaza chini, akainua miguu yake juu ya kiti, akamchoma sindano ya adrenalini kwenye msuli wa paja. Pumzi ikarudi. Kisha likatokea jambo ambalo hatutalisahau. Mwenzetu mwingine alivaa glavu haraka ili amwekee dripu, akamfunga mkono kwa mpira ule wa kutafutia mshipa, na mabaka yaliyokuwa yameanza kufifia yakaumuka tena hapohapo, pale pale penye alama ya mpira. Mtaalamu yule akatazama mkono, akatazama glavu, akatuambia: "Vueni hizo."

DAKTARI ALIYEOMBA NDIZI

Alipelekwa kwa daktari bingwa Kampala. Malipo ya vipimo yalizidi nusu ya mshahara wake wa mwezi, na fedha hizo zilitoka mfukoni mwa mume wake, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi. Daktari alimwagiza aje na matunda kutoka sokoni. Tulipoambiwa hivyo tulidhani ni mganga wa kienyeji. Kumbe ndivyo kipimo kinavyofanywa: daktari huchoma tunda kwa sindano ndogo, kisha kwa sindano hiyohiyo huchoma ngozi ya mkono kidogo tu, bila kutoa damu, halafu husubiri kama dakika 15. Mahali penye mzio huinuka uvimbe kama aliyeumwa na mbu mkubwa. Jambo hili halifanywi nyumbani, maana adrenalini lazima iwe tayari mezani. Mkono wa mwenzetu uliinuka sehemu nne: mpira, ndizi, parachichi, papai.

Neno mzio, ambalo wengi wetu tunaliita aleji, lina umri wa zaidi ya miaka 100. Daktari Clemens von Pirquet wa Vienna ndiye aliyelitunga neno hilo la aleji mwaka 1906. Maana yake kwa kifupi ni kwamba kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na maadui, inakosea na kumpiga asiye adui. Mtu akigusa au kuvuta protini fulani mara nyingi, mwili wake unaweza kuiandika katika orodha ya maadui. Siku nyingine protini hiyo ikija, mwili unafyatua silaha zote mara moja: ngozi inavimba, njia ya hewa inabana, shinikizo la damu linashuka.

Lakini kwa nini ndizi? Mwenzetu alimwuliza daktari swali hilo, nasi tulimwuliza yeye. Mpira wa asili ni utomvu wa mti. Mti ule una protini za kujilinda dhidi ya kuvu na wadudu, na migomba na miparachichi nayo ina protini za ukoo mmoja na hizo. Kinga ya mwili iliyokwisha kuzoea kupambana na protini za mpira ni kama askari wa mpakani aliyepewa picha ya mwizi: akija nduguye mwizi, mwenye pua ileile, naye anakamatwa. Madaktari wa Hispania walieleza uhusiano huu wa mpira na matunda mwaka 1994, na tangu hapo imeonekana kwamba kati ya watu 100 wenye mzio wa mpira, kama 30 hadi 50 hupata shida na tunda moja au zaidi. Ndizi, parachichi na kiwi ndizo zinazotajwa sana. Papai nalo limo.

Hapa lazima tuseme wazi, asije msomaji akatuelewa vibaya. Hatusemi wauguzi waache glavu. Glavu zimetuokoa. Wazee wetu kazini wanaikumbuka miaka ya 1980, ugonjwa wa Slim ulipoingia Rakai, na jinsi walivyozalisha akina mama kwa mikono mitupu kwa sababu stoo haikuwa na kitu. Mwaka 1987 wakuu wa afya wa Marekani walitoa mwongozo kwamba damu ya kila mgonjwa ihesabiwe kuwa ni ya hatari, na duniani kote glavu zikaanza kutumika kwa wingi ambao haujapata kuonekana. Mwaka 2000 Ebola ilipoingia Gulu, wafanyakazi wa afya walikufa wakiwahudumia wagonjwa, na Dk. Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor alikuwa miongoni mwao. Hakuna mwanachama wetu anayetaka kurudi kwenye mikono mitupu.

Na ajabu ni kwamba glavu za upasuaji zilianza kwa ajili ya mikono ya muuguzi. Majira ya baridi ya mwaka 1889 na 1890, katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, muuguzi Caroline Hampton alikuwa akibabuka mikono kwa dawa ya zebaki iliyotumika kuua vijidudu. Daktari wa upasuaji William Halsted akaagiza glavu nyembamba za mpira zitengenezwe kwa ajili yake. (Baadaye walioana, lakini hilo si la ukurasa huu.) Kifaa kilichoanza kwa kumhurumia mfanyakazi ndicho kilichokuja kumwangusha mwenzetu.

Mkosaji mkubwa ni ule unga. Unga wenyewe ni wanga wa mahindi tu, hauna neno. Lakini hunasa protini za mpira na kuzirusha hewani, ukaingia puani na kifuani kwa kila aliyemo chumbani, hata asiyevaa glavu.

NYUMBANI

Mwenzetu alitoka kwa daktari na karatasi yenye maneno manne. Akaishika kama amri. Na kwa kuwa aliogopa, akaongeza mengine yake mwenyewe: akaacha nanasi, akaacha embe, akaacha muhogo, akaacha mchuzi wa karanga kwa sababu alisikia watu wa Ulaya hufa kwa karanga. Kwa miezi miwili alikula posho, maharagwe na chai kavu. Tulimwona akipungua, sare ikimpwaya mabegani. Chakula cha kantini alikipita kwa mbali kama mtu anayepita karibu na mbwa mkali.

Alituambia kwamba kilichomwuma si njaa. Ni kwamba kila alipofika ilimbidi aanze kuhoji kabla salamu hazijaisha. Mkate huu una nini? Kisu hiki kimekata nini? Juisi hii ilisagwa kwenye mashine gani? Muuza matunda hapa mjini hukata papai, tikiti, nanasi na ndizi kwa kisu kimoja, akakifuta kwa kitambaa kimoja. Kabalagala, ambazo watoto wetu wote wanazipenda, ni ndizi mbivu zilizopondwa na unga wa muhogo. Kwenye karamu nyama huivishwa ndani ya jani la mgomba, na matoke hufunikwa kwa majani hayohayo. Mtoto wake wa pili alipotimiza miaka sita, shuleni walitundika maputo darasani, na mama mtu akasimama nje dirishani mpaka nyimbo zikaisha.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa kwa jamaa. Kwenye kwanjula ya binamu yake alikwenda na chakula chake ndani ya kikopo. Ssenga wake, yaani shangazi, ambaye ndiye mkubwa wa shughuli hiyo, alikiona kikopo akanyamaza. Baadaye alimwita pembeni.

"Mwanangu, mjini wamekufundisha kutuogopa?"

"La, Ssenga. Ni daktari."

"Babu yako alikula matoke mpaka asubuhi aliyokufa. Daktari gani huyo asiyejua watu anaowatibu?"

Mwenzetu alipiga magoti kama desturi inavyotaka, akaomba radhi kwa kosa ambalo si lake. Mume wake alijaribu kueleza habari za protini, lakini ukweni si mahali pa mwanamume kueleza protini.

Mama yake mzazi naye alikuwa haamini, ingawa hakusema. Aliyeamua shauri hilo ni kisu. Siku moja mama alikata parachichi la wageni, akakifuta kisu kwa nguo, akamkatia binti yake tikiti. Binti alitia kipande mdomoni, na mama akaona kwa macho yake midomo ikiumuka. Safari hii haikuwa kali, ilitulia kwa dawa. Lakini mama alikaa chini sakafuni. Tangu siku hiyo jikoni kwake kuna visu viwili, na kimoja kimefungwa uzi mwekundu kwenye mpini. Ssenga alipofika kuuliza habari za uzi ule, mama ndiye aliyejibu, na mjadala ukafungwa.

Mwezi wa Oktoba mwenzetu alirudi kwa daktari, naye alipomwona jinsi alivyokonda alikasirika kidogo. Alimwambia karatasi ya vipimo si hukumu. Kipimo kinaonyesha kwamba mwili unaitambua protini fulani. Hakisemi kila mara kwamba mtu akiila ataumwa. Akamwuliza: papai, mara ya mwisho ulikula lini? Akajibu kwamba wiki ileile kabla ya kipimo alikula papai zima na mumewe, wala halikumdhuru. Basi, daktari akasema, rudia papai. Na nanasi, embe, karanga na muhogo, nani alikukataza? Akanyamaza.

Halafu ikaja habari ya matoke. Daktari alieleza kwamba zile protini za ndizi zinazofanana na za mpira mara nyingi huharibika kwa moto. Ndizi mbivu huliwa bila kupikwa, lakini matoke huivishwa kwa mvuke kwa muda mrefu. Inawezekana basi mtu akadhurika kwa ile na asidhurike kwa hii. Inawezekana pia akadhurika kwa zote mbili. Hakuna njia ya kujua ila kujaribu, na kujaribu hufanyika hospitalini tu, adrenalini ikiwa imevutwa tayari kwenye sindano.

Walimpangia siku. Mama yake alipika matoke alfajiri, akayaleta yamefungwa ndani ya kitambaa safi na si ndani ya jani. Walianza na kipande kama punje ya maharagwe. Wakasubiri. Wakampa nusu kijiko, wakasubiri tena, wakapima shinikizo la damu na kusikiliza kifua. Shughuli ilichukua karibu asubuhi nzima. Alituambia kwamba kijiko cha kwanza alikimeza huku ameshika chuma cha kitanda. Mpaka saa saba mchana alikuwa amemaliza sahani, na hakuna kilichotokea. Mama yake, aliyekuwa ameketi kwenye benchi nje, alipoambiwa aliuliza neno moja tu: kama binti ameshiba.

Sasa anakula matoke, lakini hamenyi. Utomvu wa maganda unamwasha mikono, na kazi hiyo hufanywa na mumewe, jambo ambalo majirani walilizungumza kwa muda kisha wakachoka. Ndizi mbivu na parachichi bado ni marufuku. Kabalagala haikupimwa, kwa hiyo haili. Na sisi tunamwomba msomaji mwenye mzio asichukue habari hii kama ruhusa kwake. Mwili wake si mwili wa mwenzetu.

Anatembea na kikopo cha bati chenye chupa mbili ndogo za adrenalini, mabomba ya sindano na karatasi ya maelezo. Zile kalamu maalumu za adrenalini wanazotumia Ulaya na Marekani ni ghali, na katika nchi nyingi za Afrika hazipatikani kirahisi. Chupa ya kawaida ni ya bei nafuu na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kwa mtu mzima kipimo ni nusu miligramu, yaani nusu ya chupa ya mililita moja yenye miligramu moja, ndani ya msuli wa paja upande wa nje. Hurudiwa baada ya dakika tano kama hali haijabadilika. Mgonjwa hulazwa, au huketishwa akiwa anahangaika kupumua, na haruhusiwi kusimama na kutembea. Vidonge vya mzio vinasaidia muwasho, lakini havifungui koo lililobana, na mtu aliyepewa vidonge peke yake akaambiwa apumzike anaweza kufa amepumzika. Mume wake amefundishwa kuchoma kwa kutumia chungwa. Mtoto mkubwa anajua kikopo kinakaa wapi.

Kantini yetu tumeisifu mara chache katika ukurasa huu, lakini safari hii lazima tuisifu. Mpishi mkuu, mama mmoja asiyejua kusoma vizuri, alikuwa wa kwanza kuelewa. Hakungoja waraka. Aliliondoa parachichi kwenye sufuria ya kachumbari, akaliweka kwenye sahani yake pembeni na kisu chake, na ubaoni, ambapo zamani iliandikwa bei tu, sasa mwanawe huandika kila chakula kimetiwa nini. Tangu ubao uanze, wamejitokeza wanachama wengine watatu: mmoja samaki humtia mabaka, mmoja mayai, mmoja maziwa humsumbua tumbo. Walikuwa kimya miaka yote. Pendekezo la Shirika la Kazi Duniani namba 102 la mwaka 1956 linazungumzia kantini kama sehemu ya ustawi wa mfanyakazi, na tunafikiri mama yule amelitekeleza kuliko wengi waliolisoma.

SHAURI LA GLAVU

Kazini mambo hayakwenda upesi hivyo. Uongozi ulimwondoa chumba cha upasuaji ukampeleka masjala, akae na mafaili. Kwa usalama wake, walisema. Lakini masjala haina zamu za usiku, na pasipo zamu hakuna posho ya zamu. Wasomaji wetu wa Kenya na Tanzania wanajua kwamba posho ni fedha, na sisi wa Uganda tunajua kwamba posho ni ugali; mwenzetu alipoteza ya kwanza akabaki na ya pili.

Halmashauri ya tawi ilikutana, na safari hii jambo lake halikuwekwa chini ya mengineyo. Tulidai mambo mawili. Kwanza, chumba cha upasuaji kizima kitumie glavu za nitrili, ambazo hazina mpira wa asili, maana haitoshi yeye peke yake kuzivaa ikiwa wenziwe wanarusha unga hewani. Pili, glavu zenye unga ziondolewe hospitalini kabisa. Uongozi ulijibu kwa kutaja bei. Tulikubali kwamba glavu za nitrili huuzwa ghali zaidi. Tukauliza muuguzi mwenye uzoefu wa miaka 11 aliyewekwa masjala anauzwa bei gani.

Tulipeleka ushahidi. Ujerumani ilipiga marufuku glavu za mpira zenye unga kazini mwaka 1998, na wagonjwa wapya wa mzio wa mpira miongoni mwa wafanyakazi wa afya wakapungua sana miaka iliyofuata. Marekani iliziondoa sokoni glavu za hospitali zenye unga kuanzia tarehe 18 Januari 2017. Sheria yetu ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri alinde afya ya mfanyakazi. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema katika kifungu cha 21 kwamba hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi. Mkurugenzi mmoja alituuliza kama sasa sisi ni madaktari. Katibu wa tawi akamjibu kwamba hapana, sisi ndio tunaovaa glavu.

Mazungumzo yalichukua miezi sita. Mwezi wa Machi 2024 yalikubaliwa haya: glavu zenye unga zisinunuliwe tena shehena iliyopo ikiisha, na chumba cha upasuaji kipewe za nitrili mara moja. Mwenzetu alirudi kwenye zamu mwezi wa Aprili. Siku ya kwanza alisimama mlangoni akavuta hewa taratibu kabla hajaingia, nasi tukawa tunajifanya hatumtazami.

Mwaka huohuo akapata mimba. Wanaofahamu hospitali zetu wanajua kwamba mama mjamzito huja na vifaa vyake vya kujifungulia, yaani karatasi ya plastiki, pamba, wembe, uzi wa kitovu, na glavu. Glavu zile kwa kawaida ni za mpira. Mama mwenye mzio wa mpira akipimwa na mkunga kwa glavu hizo wakati wa uchungu anaweza kupata shida kubwa kuliko uzazi wenyewe. Kwa hiyo wodi ya wazazi ililetewa boksi la nitrili lenye alama nyekundu, mpira wa kufungia mkono ukaondolewa katika chumba kile, na karatasi yenye maandishi makubwa ikabandikwa juu ya kitanda. Mkunga wa zamu, msichana aliyemaliza chuo karibuni, aliisoma mara mbili kwa sauti kisha akaonyesha mikono yake juu, kama mtu anayejisalimisha, ili mzazi aone amevaa nini.

Alijifungua salama mwezi wa Machi 2025, mtoto wa kike, kilo 3.2. Mama yake alileta matoke.

Barua yetu ya tatu kuhusu posho ya zamu aliyoikosa akiwa masjala, pamoja na gharama ya vipimo, ilipokelewa ofisini na kupigwa mhuri. Mpaka tunakwenda mitamboni hatujajibiwa.